Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Kiwandani walimwita Unywele, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya nywele zake, ambazo miaka yote alizifunga kitambaa zisije zikanaswa na mashine. Alilipata kwa ugumu wake kwenye vipimo. Fundi mwenzake akimletea kipande cha chuma akisema, "Kimezidi unywele tu, dada, kipitishe," yeye alimrudishia mkononi na kumjibu, "Basi nenda kaunyoe huo unywele." Miaka ishirini na saba alisimama mbele ya mashine ya kuchonga vyuma, ile ambayo kisu huzunguka juu na meza husogea chini yake, akikata meno ya gia na kunyoosha sura za vyuma vilivyopinda. Kisha kiwanda kikafungwa, na mashine zikauzwa mojamoja kama vyombo vya marehemu.

Wenzake walinunua viwanja, wengine mifugo. Unywele alinunua tani moja na robo ya chuma, mashine ileile aliyoizoea, akaamua kuileta nyumbani.

Mumewe hakupinga. Alikuwa mwashi aliyestaafu, mtu wa maneno machache, na nyumba waliyoishi ilikuwa ya wazazi wake. Alichofanya ni kuvunja ukuta wa stoo iliyokuwa nyuma ya jiko, akaipanua mpaka ikawa chumba cha kutosha, akatoboa mlango wa kwenda nje na mwingine wa kuingilia jikoni, kisha akamwaga sakafu ya zege kwa mikono yake.

"Nimekuwekea sakafu ya kuchezea tembo," alisema, akiufuta mwiko wake kwa kitambaa.

Unywele aliamini. Katika miaka arobaini ya kazi hakuna sakafu ya mzee huyu iliyowahi kupasuka, na kila mteja wake alikuwa amesikia mara kumi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliisema methali hiyo kana kwamba aliitunga yeye.

Siku ya kuiingiza mashine alikuja Birika. Huyu alifanya kazi na Unywele kiwandani, akaacha mapema na kufungua karakana yake mitaa miwili kutoka nyumbani kwa Unywele. Jina lake lilitokana na mkono wake, ambao ulikuwa wa birika kwelikweli: hata msumari uliopinda aliunyoosha na kuuweka mfukoni. Ndiyo maana watu walishangaa kumwona amekuja bure, na winchi yake ya mnyororo, na mabomba ya kuviringishia, na mitalimbo miwili. Siku nzima walisukuma na kuvuta, mashine ikitambaa juu ya mabomba kidogokidogo, mpaka ikakaa upande wa ndani, mkabala na swichi kubwa ya umeme. Hapakuwa na sehemu nyingine ambayo ingefaa. Upande mmoja mlango, upande mwingine dirisha, na meza ya mashine ikinyooshwa mpaka mwisho ilihitaji nafasi.

Birika alijifuta jasho, akaizunguka mashine mara mbili, akiipapasa.

"Dada, nikuambie ukweli. Mashine za umri huu zikishahamishwa hazirudi sawa. Ikikushinda usihangaike na madalali. Niite mimi."

Unywele alicheka. Winchi ikaachwa ikining'inia kwenye boriti, kwa kuwa ingehitajika kunyanyulia vitu vizito, na Birika akapewa ufunguo mmoja wa mlango wa nje ili aje kuichukua atakapoitaka.

Kwa wakati ule Unywele alikuwa akifundisha asubuhi katika chuo cha ufundi. Akirudi mchana alikula, akavaa ovaroli, akaingia karakana. Kazi ya kuiweka sawa mashine haina haraka, naye aliipenda kwa sababu hiyo. Alianza na miguu. Mashine ilisimama juu ya boliti nne nene, moja kila pembe, na kwa kuzikaza au kuzilegeza ungeweza kuinua pembe yoyote kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Juu ya meza aliweka pima maji yake ya kiwandani. Hii haikuwa pima maji ya waashi. Ilikuwa kali kiasi kwamba ukiweka karatasi ya sigara chini ya ncha yake moja, povu la ndani ya kioo chake lilikimbia. Akazungusha boliti robo, nusu ya robo, akasubiri povu litulie, akageuza pima maji upande wa pili, akarudia. Baada ya saa mbili povu lilikaa katikati, huku na huku.

Kesho yake alishughulikia kichwa cha mashine, kile kinachobeba kisu. Alifunga saa ya kupimia, ambayo mshale wake huonyesha hata tofauti ya unywele, kwenye mkono wa chuma uliotoka kichwani humo, akauzungusha taratibu ili ncha ya saa itembee juu ya meza kama mtu anayezunguka kisima: kulia, mbele, kushoto, nyuma. Mshale ukionyesha tofauti, maana yake kichwa kimeinama. Akalegeza, akagonga kwa nyundo ya plastiki, akakaza boliti kwa zamu, maana ukikaza moja mpaka mwisho inakivuta kichwa upande wake. Jioni mshale ulizunguka duara nzima bila kutikisika. Alifunika mashine kwa shuka kuukuu, akafunga mlango wa nje kwa kufuli, akaingia ndani akiimba.

Siku ya tatu alikuwa afunge jiriwa, ile ya kubania kazi mezani. Kwanza, kwa mazoea tu, akaweka pima maji.

Povu lilikuwa limehama mistari miwili.

Hakushtuka. Kitu kizito kikikaa mahali papya hutulia kidogo. Upande uliozama ulikuwa mguu wa nyuma wa kushoto. Akauinua, povu likarudi, akaendelea na shughuli zake. Siku ya nne povu lilikuwa limehama tena, upande uleule. Akauinua tena, safari hii akinung'unika.

Siku ya tano alipoweka pima maji alisimama akiitazama muda mrefu. Povu lilikuwa limehama, ndiyo, lakini kwenda upande wa pili. Mguu wa nyuma wa kushoto haukuwa umezama. Ulikuwa umepanda.

Akakichunguza kichwa cha mashine. Mshale wa saa ulizunguka pale mezani vilevile kama alivyouacha. Basi ugonjwa haukuwa kichwani wala mezani. Ulikuwa miguuni. Na Unywele, ambaye maisha yake yote aliishi na vyuma, alijua jambo moja bila kuambiwa na mtu: mashine inaweza kuzama, lakini haiwezi kujinyanyua. Boliti hiyo ilizungushwa na mkono wa mtu.

Alitoka jikoni na chai, akamkuta mumewe amekaa kwenye kiti chake barazani, akimenya chungwa.

"Baba watoto, leo kuna mtu ameingia kule?"

"Kule wapi?"

"Karakana."

Mzee aliendelea kumenya. Ganda lilitoka refu, halikukatika. "Birika alipita," alisema hatimaye. "Alifuata bomba lake moja."

"Akakaa sana?"

"Sikumpimia saa, mama."

Kuanzia hapo shaka iliingia moyoni mwa Unywele kama mchanga unavyoingia kwenye grisi. Alianza kukumbuka. Kwa nini mtu bahili kama Birika alikuja kufanya kazi bure siku nzima? Mpaka juzi mashine ya namna ile mtaani kote ilikuwa yake peke yake, na wenye pampu mbovu na mashine za kusaga zilizokatika meno walimpigia foleni yeye. Na yale maneno: ikikushinda niite. Ungedhani alikuwa na hakika itamshinda!

Alichukua rangi ya kucha ya binti yake, nyekundu, iliyosahaulika kwenye droo tangu binti alipoolewa, akachora mstari mwembamba kwenye kila boliti, ukianzia kwenye nati na kuishia kwenye mguu wa mashine. Mtu akiigusa boliti hata kidogo, mstari utakatika.

Mchana wa siku iliyofuata alipiga magoti na tochi. Mistari mitatu ilikuwa mizima. Wa mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umekatika, kipande kimoja huku, kingine kule.

Hakuvua hata ovaroli. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Birika, akamkuta ameinama juu ya kazi, miwani imemshuka puani.

"Karibu, dada Unywele! Mashine inaendeleaje?"

"Wewe ndiye wa kuniambia inaendeleaje."

Birika alizima mashine yake. "Sijakuelewa."

"Utanielewaje? Umeingia kwangu mimi nikiwa kazini. Umeingia mara ngapi?"

"Mara moja. Nilifuata bomba. Shemeji alikuwepo, muulize."

"Na boliti?"

"Boliti gani?"

Unywele alimweleza yote: povu, mguu uliopanda, rangi ya kucha. Kadiri alivyozidi kusema ndivyo uso wa Birika ulivyozidi kukauka. Vijana wawili wateja waliokuwa wakisubiri benchini walijifanya hawasikii, huku masikio yamewasimama kama ya sungura.

"Kwa hiyo unasema mimi," Birika alisema polepole, "nimeacha kazi zangu hapa, nikavuka mitaa miwili, ili nikazungushe boliti yako moja. Moja! Ningekuwa nataka kukuharibia, dada, ningeshindwa kuzungusha zote nne?"

Swali hilo lilikuwa na akili, na Unywele aliliona hivyo, lakini hasira ikiwa imeshika usukani akili hukaa kiti cha nyuma.

"Naomba ufunguo wangu."

Birika alitoa kitita cha funguo, akahangaika kuuchomoa ule mmoja, akauweka kwenye benchi badala ya kumpa mkononi. "Na winchi yangu naifuata leo hii. Miaka kumi na tisa tumekula meza moja kiwandani. Leo nimekuwa mwizi wa mizunguko ya boliti."

Jioni hiyo alikuja na mkokoteni, akaishusha winchi, akaondoka bila kugusa maji aliyokaribishwa. Mumewe Unywele alimsaidia kubeba mnyororo mpaka nje. Unywele alimwona anasimama getini muda mrefu, akimtazama Birika anavyoishia na mkokoteni wake.

Unywele alichora mstari mpya wa rangi. Akabadilisha na kufuli.

Kesho yake mchana, mstari umekatika.

Alikaa chini kabisa, mgongo ukiegemea mashine. Kufuli jipya lilikuwa zima, funguo zote mbili alikuwa nazo yeye. Basi aliyeingia hakupitia mlango wa nje. Alipitia jikoni. Na mchana kutwa, Unywele akiwa chuoni, ndani ya nyumba ile alibaki mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa mambo ambayo alikuwa ameyaona mazuri yalianza kubadilika rangi. Tangu mashine iingie, mumewe alikuwa akifagia karakana. Mtu ambaye kwa miaka thelathini na tatu ya ndoa hakuwahi kufagia hata chumba cha kulala! Unywele aliwahi hata kujisifu kwa jirani. Na kile kipande cha zulia? Mzee alikitandika mwenyewe nyuma ya mashine, pembeni ya mguu ule wa kushoto. "Miguu yako isishikwe na baridi," alisema. Lakini fundi husimama mbele ya mashine, si nyuma yake.

Wakati wa chakula alimtazama kwa jicho la pembeni. Mzee alikuwa akinawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na bado chini ya kucha zake palibaki rangi ya kijivu. Mwashi aliyestaafu miaka minne iliyopita, anatoa wapi saruji mbichi kwenye kucha?

"Unaniangalia nini?" aliuliza.

"Naangalia ulivyozeeka."

"Hilo si la kuangalia leo."

Walicheka wote wawili, kicheko cha mdomoni. Unywele alifikiri: hataki nifanye kazi. Amechoka kuwa mume wa fundi, watu wakija kumwulizia mkewe badala ya yeye. Au amekula njama na Birika, na ule ugomvi wa winchi ulikuwa maigizo tu? Aliwaza mpaka akajichukia mwenyewe. Lakini hakuuliza. Alikuwa amemtuhumu mtu mmoja kabla ya kupima vizuri, na safari hii alitaka kwanza aone kwa macho yake.

Nafasi ilijileta yenyewe. Siku mbili baadaye umeme ulikatika chuoni, mkuu wa chuo akawaruhusu wanafunzi, na saa nne asubuhi Unywele alikuwa ameshafika kwenye kona ya mtaa wao. Alipita uchochoro wa nyuma. Hakufungua kufuli. Alisimama nje ya dirisha la karakana kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Alisikia chuma kikigonga chini. Ko, ko, ko. Kimya. Kisha sauti nyingine, nzito, kama mtu anayepiga pipa tupu: du, du.

Akachungulia. Mumewe alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, mtalimbo mkononi. Zulia lilikuwa limekunjwa kando. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya saruji iliyokorogwa nyepesi kama uji, galoni la plastiki lililokatwa likawa faneli, spana kubwa, na juu ya meza ya mashine, pima maji yake ya uashi, ile ndefu ya mbao. Sakafuni, kuanzia ukutani mpaka kwenye mguu wa nyuma wa kushoto na kuupita, ulikwenda ufa ambao kidole kingeingia.

Unywele alizunguka, akapita mlango wa mbele, sebuleni, jikoni, akasimama mlangoni.

"Baba watoto."

Mzee hakuruka. Alifumba macho tu, kama mtu aliyekuwa akingojea kofi na sasa limefika.

"Umerudi mapema," alisema.

"Hii nini?"

"Ufa."

"Ufa nauona. Nauliza hii nini?"

Aliuweka mtalimbo chini kwa upole. Alisema bila kuinua macho. Zamani, mama yake angali hai, pale palikuwa na choo cha shimo. Shimo refu, alilichimba babake. Walipojenga choo cha ndani, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kulifukia, akiwa kijana na haraka zake. Akatupa humo matofali mabovu, visiki vya miti iliyokatwa uani, makopo, kila takataka, akamalizia na udongo juu. Miaka karibu arobaini palikaa kimya, stoo ikajengwa juu yake, magunia yakapangwa.

"Visiki vimeoza," alisema. "Vimeacha nafasi."

"Na ulipomwaga sakafu, hukukumbuka?"

"Nilikumbuka."

Unywele aliingia, akasimama mbele yake.

"Nilijua shimo lilipo. Nikasema zege nene litalivuka. Nilitaka kuweka nondo, nikaona kama nikianza kuchimba na kusuka nondo utauliza kwa nini. Nikuambie nini? Kwamba sehemu pekee inayofaa mashine yako ni juu ya choo nilichokifukia kizembe?" Alisugua kucha zake kwenye suruali. "Siku ya pili nikaona ufa, mwembamba kama uzi. Nikaziba. Kesho yake umerudi. Nikatoboa tundu niwe namimina saruji chini, labda itajaa. Namimina ndoo nzima, haijulikani inakwenda wapi. Na mguu ukizama nauinua, ili usigundue."

"Kwa pima maji ya mbao!"

"Ndiyo niliyonayo."

Kwa hiyo ndiyo maana mguu ulipanda. Pima maji inayotosha kunyoosha ukuta haikuwa na uwezo wa kunyoosha mashine ile, na mkono wa mwashi ulizungusha robo mahali palipohitaji unywele. Kwa dakika moja Unywele alihisi kicheko kinamjia. Kisha aliuokota mtalimbo miguuni pa mumewe, akagonga sakafu karibu na mlango. Ko. Akasogea, akagonga tena. Ko. Akagonga nyuma ya mashine.

Du.

Akaenda upande wa mbele, pale ambapo alisimama kila mchana na saa yake ya kupimia, miguu yake miwili pamoja na tani moja na robo. Akagonga.

Du.

Kicheko kilikufa. Akaegemeza mtalimbo ukutani.

"Ulikuwa unaniacha nisimame hapa," alisema. "Kila siku. Unakaa barazani unamenya machungwa, mimi nasimama hapa."

"Nilikuwa nagonga kila asubuhi. Mbele palikuwa pazima mpaka juzi. Wallahi, mpaka juzi."

"Na juzi ulipoona si pazima, ulinizuia?"

Mzee alilivuta zulia, akalikunja upya.

"Na Birika? Nimemtukana mtu mbele ya wateja wake. Ulimwona anabeba winchi. Ulimsaidia kubeba mnyororo!"

"Ningesema siku ileile, mama. Maneno yalinifika hapa." Alijigusa kooni. "Yakarudi."

Unywele alizunguka nje, akafungua kufuli. Aliufungua mlango wa nje upande wote, akapima kwa macho umbali kutoka mashine mpaka nje. Mashine ilibidi iondoke pale, leo, tena bila mtu kuikaribia kwa upande wa nyuma. Na mtaani kote mwenye winchi na mabomba alikuwa mmoja.

"Vaa viatu," alisema. "Tunakwenda wote. Na wewe ndiye utakayesema, mimi nitasimama tu."

Birika aliwaona tangu mbali, akaendelea na kazi. Waliposimama mbele yake hakuzima mashine. Mwashi, mtu asiyewahi kupaza sauti, ilibidi aseme mambo yake kwa kupayuka, juu ya kelele za kisu kinachokula chuma: kwamba boliti alizungusha yeye, kwamba shimo ni lake, kwamba alinyamaza mwingine akihukumiwa. Ilibidi aseme mara mbili. Katikati ya mara ya pili Birika alizima mashine, na neno "choo" likasikika mpaka barabarani.

"Na wewe?" Birika alimgeukia Unywele.

"Nilikukosea. Sina la kujitetea."

"Lipo. Ungeweza kusema ulidanganywa na mumeo."

"Nilidanganywa. Lakini aliyekuja hapa kukutukana ni mimi."

Birika alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. "Ile mashine imenyonyesha watoto wangu watatu kabla sijapata yangu," alisema. "Nakuja kwa ajili yake. Msije mkadhani nakuja kwa ajili yenu."

Walifanya kazi tangu saa sita. Winchi waliifunga kwenye nguzo ya chuma ya geti, mnyororo ukapita mlangoni mpaka kwenye tumbo la mashine. Walitandika mbao nene pande zote ili uzito usambae. Birika hakumruhusu mtu kukanyaga nyuma. Waliinua mguu mmoja kwa mtalimbo, bomba likaingia, wakainua wa pili. Mashine ilitembea shibiri moja, ikasimama, ikatembea nyingine. Hakuna aliyesema ila Birika: "Kaza. Basi. Kaza."

Ilipokuwa imefika nusu ya mlango, mguu wa nyuma wa kushoto ukiwa umeshaliacha kabisa lile eneo, walisikia mlio kama wa sahani inayopasuka ndani ya maji. Kipande cha sakafu, kikubwa kama meza ya kulia chakula, kilizama upande mmoja taratibu, kikasimama wima kwa nukta chache, kisha kikatoweka. Ndoo ya saruji ikafuata. Walisikia inaanguka, na ilichukua muda kufika.

Harufu ya udongo uliooza ikapanda chumba kizima. Mzee alikaa juu ya rundo la mabomba, akashika kichwa. Unywele alizunguka mpaka kwenye mlango wa jikoni, akatazama shimo, akatazama mahali alipozoea kusimama. Hapakuwepo.

"Mita nne," Birika alisema, akichungulia kwa mbali. "Labda na nusu."

Aliondoka jioni na vifaa vyake vyote, baada ya kuvihesabu kimoja kimoja mbele yao. Unywele alimpa ufunguo wa lile kufuli jipya. Akaukataa. "Kaa nao. Nikija nitabisha hodi kama mgeni yeyote."

Mashine ilibaki uani chini ya turubai. Kwa wiki mbili mwashi aliondoa takataka zote za ujana wake kutoka kwenye lile shimo, ndoo baada ya ndoo, na Unywele hakumsaidia, wala hakumkataza. Wakati wa chakula walizungumza mambo ya chumvi na maji. Mzee akajaza mawe, akashindilia tabaka kwa tabaka, akasuka nondo kama kikapu. Kabla ya kumwaga zege alikuja mlangoni na kofia mkononi.

"Njoo ukague."

Unywele alikagua. Alitikisa kila nondo. Alimfanya afungue mafundo manane ya waya na kuyafunga upya, na mzee akayafunga bila kunung'unika. Kisha wakangoja siku ishirini na nane kamili ili zege likomae, ingawa mwashi yeyote angekuambia hata nusu yake ingetosha.

Birika alikuja na winchi siku ya kurudisha mashine. Alibisha hodi. Alikunywa chai, kikombe kimoja, akakataa cha pili.

Unywele akaanza upya: pima maji, boliti, kichwa, jiriwa. Alipiga rangi ya kucha kwenye boliti zote nne na hakuficha. Siku ya kwanza povu lilikuwa katikati. Ya pili, katikati. Wiki nzima povu halikutoka mahali pake, na mistari myekundu ilikuwa mizima, naye aliendelea kuikagua kila mchana kabla hata ya kula. Mumewe alimwona akiikagua. Alijua hiyo ni haki yake.

Siku ya tisa mzee aliingia karakana, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Hiyo saa inasemaje?"

Unywele alifikiri amfukuze. Badala yake aliibandika saa kwenye meza, ncha ikigusa mwili wa mashine, akaizungusha sura yake mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri. "Njoo. Usiguse saa. Weka kidole gumba hapo juu kwenye kichwa cha mashine, usukume."

"Nisukume hili lichuma? Kwa kidole?"

"Sukuma."

Mzee akasukuma. Mshale ukaondoka kwenye sifuri, ukapita mistari miwili. Aliruka nyuma kama aliyepigwa na umeme, mikono juu.

"Sijafanya kitu! Mama, sijafanya kitu, umeona mwenyewe!"

Mshale ulikuwa umesharudi kwenye sifuri. Unywele alijaribu kuubana uso wake ubaki mkavu, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza ya mashine, na saa nayo ikawa inachezacheza kwa kicheko chake.

"Chuma kinapinda," alimwambia alipopata pumzi. "Chote kinapinda. Rudi hapa, usukume tena, polepole, nikuonyeshe kusoma."